Injini Haitaki Kuingia

Jumamosi, mwezi wa nane 2021, Mount Druitt, huku Australia. Jua lipo, lakini baridi inakata masikio.

Nimechoka, na si kuchoka kwa kusema tu. Wiki nzima nimewaogesha na kuwalisha wazee wa watu nikiwa na barakoa na kile kioo cha plastiki usoni, na nikirudi nyumbani nakutana na injini. Nikifua, taulo zinanuka grisi. Nikipika, nasikia nyundo.

Kwa wasioijua habari hii: kuna Wazungu wa hapa wanaochukua magari ya enzi za babu zao, wanayavua nusu ya mabati na kuyatia injini kubwa kuliko mwili. Wanayaita hot rod. Mume wangu, Baba Keza, alinunua mkweche wa namna hiyo kabla ya korona, kwa mzee mmoja aliyefanya naye kazi ghalani. Kule kambini Kigoma, tulikokuwa wakimbizi, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa pikipiki na mashine za kusaga, basi alipoliona tu gari hilo roho ikalipenda. Nikasema haya, kila mtu na wazimu wake.

Mwezi uliopita mama yake akafariki, kule kwetu Burundi, Makamba.

Mipaka imefungwa. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, picha ikigandaganda, padri akibaki mdomo wazi. Hapa nyumbani hakuna aliyekuja kukaa nasi, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa. Warundi wenzetu, ambao siku nyingine wangejaza sebule na masufuria, walipiga simu za pole wakiwa makwao, na helikopta ya polisi ikazunguka juu ya mapaa yetu kuangalia nani katoka. Baba Keza akavaa ovaroli, akaingia gereji. Hajatoa chozi. Jina la mama yake halitaji. Ukimsemesha, anakujibu habari za injini.

Hilo ndilo linalonitisha. Nampenda mume huyu, na naona ananipotea huku amesimama mbele yangu.

Leo alinihitaji. Injini ya silinda nane haishushwi ndani ya gari na mtu mmoja, na wanaume wenzake wamefungiwa ndani. Basi fundi msaidizi nikawa mimi, nimeshika mnyororo wa winchi, nashusha pole pole, yeye anaielekeza kwa mikono. Ikagoma. Mbele inasukuma rejeta, nyuma inagonga lile bati linalotenga injini na miguu ya dereva. Gari lilitengenezwa kwa injini ndogo ya silinda nne, sasa alitegemea nini? Tukainyanyua, tukashusha tena. Ikagoma pale pale. Mgongo wangu uliniambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Dawa yake ni moja: bati likatwe, lisogezwe nyuma. Alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Tukailaza injini sakafuni. Akavaa miwani, akachora mstari kwa chaki, akashika grenda. Akaiweka chini, akaiokota, akaiweka tena.

"Silikati," akasema. "Limekaa miaka yote hii zima. Nikishalikata, ndiyo basi."



Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sijui tulilisahau vipi sote wawili. Kwetu mfiwa hashiki jembe. Siku za msiba halimi, hapiki, hachoti maji. Watu wanamfanyia, yeye kazi yake ni kulia. Na huyu wangu, tangu mama yake azikwe, amefanya kazi kama punda! Angezuiwa na nani, ikiwa wa kumzuia wamekatazwa kutia mguu mlangoni?

Nikampokonya grenda. Sikumwomba.

"Umefiwa na mama yako," nikamwambia. "Kaa chini."

"Mama Keza, hujui kukata."

"Nitajulia hapa hapa. Kaa!"

Nikamsogezea ndoo ya rangi, akaikalia. Nikavaa miwani yake, nikaanza. Mungu wangu, chombo kile kina nguvu! Cheche ziliruka mpaka kwenye soksi zangu. Mstari wake wa chaki ulikuwa umenyooka, wangu umepinda kama barabara ya kupanda milima ya Bugarama kule kwetu.

Nilikuwa nimefika katikati niliposikia kitu ndani ya zile kelele. Nikageuza shingo. Baba Keza amejiinamia, mikono kichwani, analia kwa sauti, anamwita mama yake kwa Kirundi kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nami machozi yakajaa ndani ya miwani. Nikaendelea kukata, maana namjua. Ni mtu wa haya. Kuta za nyumba hizi ni nyembamba, jirani anasikia hata tukipiga chafya, na angejua kuna mtu anamsikia, angejinyamazisha hapo hapo.

Bati likakatika, kipande kikaanguka sakafuni. Kazi ikawa imekwisha.

Sikuzima grenda. Nilisimama nayo inanguruma hewani, haikati kitu, mikono imekufa ganzi, mpaka alipochoka kulia.

Sasa amelala kwenye kochi na ovaroli lake. Injini bado iko sakafuni, na iendelee kukaa. Mimi nina zamu ya asubuhi na mgongo sina. Lakini nikirudi nitamkalisha tena kwenye ndoo, na kama hakuna cha kukata, nitakitafuta.