Wanataka Nimlete Falone Kanisani kwa Uongo

Dada Kendi, mimi ni mama wa hapa Seven Hills, moyo umenijaa, naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho. Mwanangu Falone alisoma Kireno tulipokuwa kambi ya wakimbizi Msumbiji, sasa yuko chuo cha sanaa, ametengeneza kitabu chenye magurudumu ya karatasi, msomaji anazungusha mwenyewe na neno la Kireno linabadilika, mara la kiume, mara la kike, halafu linatokea jipya ambalo si la kiume wala la kike, na Falone akaniambia, "Mama, that one is me," nami nikapakua bugali. Bwana wangu Lazare akakichukua akakipeleka kwa waombezi wa kanisa letu, nao wakasema magurudumu yale ni ya kupigia ramli, wakawa wanayazungusha kwa kijiko wasiyaguse, na mimi peke yangu mle ndani ninayejua Kireno nikanyamaza. Sasa wameamua Jumapili nimlete Falone, nimdanganye kwamba ni ubatizo wa mtoto wa muumini mwenzetu Chibalonza, kumbe ni wamkemee pepo, na dada, niliona walivyomfanya kijana wa Mama Wilondja, walimkandamiza sakafuni mpaka mkono ukavunjika, sisi tukazidisha wimbo. Lakini kanisa ndilo lililotupokea uwanja wa ndege tulipofika nchi hii, ndilo lililomzika mama yangu, nikikataa watatutenga, na Lazare amesema nitoke na huyo mtoto wangu, nifanye nini?

Mama Falone

Mama Falone, pole. Kuogopa kubaki peke yako ugenini si mchezo. Lakini sasa nikuseme. Watu wazima, Biblia mkononi, wanaogopa karatasi na gundi! Na wewe unajua, umeufyata. Umesikia mfupa wa mtoto wa mwenzio ukivunjika, bado unaniuliza ufanye nini? Ebo!

Sikulazimishi umwelewe Falone leo. Hayo mtazungumza, na yatakuuma.

Jumapili humpeleki. Tena usiingoje: ukimaliza kusoma hapa, mwambie kila kitu, hata kunyamaza kwako. Akalale kwa rafiki yake wa chuo. Lazare akitaka kumchukua kwa nguvu, piga sifuri tatu, namba ya dharura, polisi waje, majirani waone, aibu itapoa. Nawe funga begi, vitambulisho ndani. Ziko nyumba za kuwapokea kina mama, daktari wako atakuelekeza. Na Mama Wilondja kamwombe radhi, hata akikufukuza.

Falone atakununia, pengine miezi. Vumilia, umeyataka. Ila ukimpeleka, mama, atakuamini mpaka watakapofunga mlango.