Mama Hataki Kurudi kutoka Lyon

Jumamosi. Hapa Beechmont, mtaani kwetu Louisville, mvua haijakatika tangu nitoke shifti asubuhi, na usingizi umenikataa. Nafagia sebule ambayo mume wangu alishaifagia.

Mama yuko Ufaransa, kwa mdogo wangu Furaha, mjini Lyon. Ni safari yake ya kwanza tangu tutoke kambi ya wakimbizi kuja Amerika, na Alhamisi anatakiwa kurudi. Furaha ananitumia picha kila siku: Mama mbele ya kathedrali ya Saint-Jean, Mama akiishangaa saa kubwa ya kale iliyomo ndani, kichwa kakiinua mpaka kitambaa kinataka kudondoka.

Leo walipanda mlimani, kwenye bazilika ya Fourvière. Kisha simu ikalia. Furaha analia.

"Yaya, dada yangu, Mama simuoni! Niligeuka kupiga mji picha, kutazama nyuma, hayupo."

Mama huyu, hapa Louisville hapandi basi bila mimi. Dukani hunishika mkono. Nikawa natembea jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni, nikiomba maneno yasiyo na mpangilio.

Furaha akapiga tena. Kumbe chini ya bazilika kuna kanisa jingine, na Mama aliteremka mwenyewe, akiulizia njia. Amemkuta ameketi na bibi mmoja Mfaransa, wanasimuliana magoti yanavyowauma.

Furaha akampa Mama simu. Nilitaka kumgombeza. Akaniwahi.

"Mutoto wangu, huku niko najibu misa yote na Kifaransa. Mukate naenda kutafuta mi mwenyewe, na wananisikia. Bon, mi sirudi."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe uko na bwana, uko na batoto. Mi huko niko kama bubu."

Nikasema nitapiga baadaye.

Bubu.

Miaka yote hii nilidhani ukimya wake ni uzee. Mezani binti yangu anamjibu kwa Kiingereza, Mama anatabasamu, anaendelea kula. Nami nikajiambia ameridhika.

Nimekasirika, niseme ukweli. Namwonea wivu Furaha. Nayaonea wivu hata mawe ya lile kanisa. Mimi ndiye niliyemtunza Mama kambini, mimi ndiye niliyemfikisha huku. Halafu mji aliofika juzi tu ndio unamrudishia sauti?

Mchana nimempigia tena. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza. Badala yake nikamwomba anisimulie lile kanisa la chini lilivyo. Ameongea mpaka chai yangu ikapoa, akacheka kile kicheko chake cha Bukavu, ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

Sikumwambia arudi.

Alhamisi sitaenda uwanja wa ndege. Nitazoea, najua. Ila leo kila kiti humu ndani kinanifukuza.