Uji wa Kumpokea Nabor Equihua

Santa Rita, Michoacán
4 Mei 1957

Kwako mdogo wangu Fidencio,

Natumaini barua hii itakukuta una afya, na kwamba kikohozi ulichokitaja wakati wa baridi kimekwisha na mashamba ya machungwa huko kaskazini hayakuchoshi kupita kiasi. Mimi magoti yananisumbua, lakini nafika kanisani bila kushikwa mkono. Petronila, mjane wa kaka yako Crispín, ameanza tena kula vizuri. Mwanawe Leobardo yu hai. Nimelichagua neno hilo kwa makusudi, nawe utaona sababu.

Unajua kwamba Nabor Equihua, aliyemuua Crispín, ametoka gerezani. Aliporudi tu, mambo yalianza upya. Binamu zetu waliwachomea Waequihua ghala la mahindi, nao wakamvizia mmoja wetu wakamvunja taya kwa mtarimbo, hata leo anakula vitu laini tu. Kila mtu alijua atakayefuata ni Leobardo. Mtoto alikuwa na miaka kumi siku tulipomleta baba yake kutoka kwenye mfereji, amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, kwa kuwa panga lilikuwa limemkata shingo na bega asiweze kubebeka vinginevyo. Sasa ana kumi na minane, na mbele ya watu alikwisha kuapa kuua. Angeua, naye angekatwa kabla ya kufika barabarani.

Kwa hiyo wazee waliamua tuupike uji wa suluhu. Wewe uliondoka ukiwa kijana, huenda umesahau. Muuaji huleta mahindi ya shamba lake mwenyewe, na nyumba ya marehemu huyapika. Yeye hunywa kwanza, kisha hunywa mtoto wa marehemu kutoka chungu hicho hicho. Baada ya hapo, atakayeinua panga, kijiji kizima ni adui yake. Lakini mkono ulioanza kukoroga ndio umalize. Mwiko ukiachwa au ukibadilisha mikono, uji huachana, maji juu na madonge chini, na uji ukiachana siku hiyo hakuna suluhu. Kazi ya mwiko nilipewa mimi.

Tuliyachemsha mahindi yale kwa chokaa, tukayaosha na kuyafikicha mpaka maganda yakatoka. Petronila aliyasaga mwenyewe. Alilisukuma jiwe kana kwamba chini yake pana mtu, mpaka vidole vikachubuka na ikabidi tuondoe unga uliotiwa damu. Tulichuja kwa kitambaa, tukateleka chungu mafigani. Hatukutia sukari guru wala mdalasini, kwa sababu ya marehemu.

Nabor aliingia jikoni bila kofia, amekuwa na upara. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, mgongo kwetu sote, kama inavyotakiwa. Ndugu zake walibaki uani na mapanga yao, na binamu zetu vilevile. Mzee Hilarión, aliyesimamia shughuli, alijaribu kuwachekesha watu. Aliniuliza, “Mwalimu, huo uji unaupika au unausahihisha?” Nilimjibu kwamba ningekuwa nausahihisha, yeye angekwisha kupata sifuri. Watu walicheka kidogo.

Petronila hakucheka. Alimwinamia Nabor sikioni, akasema kwa sauti ya kusikika, “Utakunywa polepole, eti. Hapa hatumharakishi mtu kama ulivyomharakisha mume wangu.” Nabor alijibu kwamba hilo alistahili kuambiwa, na mengine pia.

Hapo ndipo nilipomwona Leobardo. Jiko lilikuwa linafuka, wanaume wote wamebaki na mashati, yeye amevaa lile koti zito ulilomletea Krismasi. Alikuwa amesogea hadi kando ya mafiga, nyuma ya Nabor, mkono wa kulia umezama kifuani. Mkono ulipoanza kutoka niliona kitako cha bastola.

Ningepiga kelele, watu wa uani wangeingia na mapanga, na mtoto angekatwakatwa palepale. Ningeuacha mwiko, uji ungeachana. Nilikuwa nimeshika upawa tayari kumpakulia mgeni. Nikachota, nikamwagia mkono ule.

Uji si maji, Fidencio. Maji ya moto huchuruzika. Uji hushika, hubaki, huendelea kupika. Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata kwa mama yake siku ya mfereji. Alipojaribu kuupangusa, ngozi ya kiganja ilitoka pamoja nao. Bastola ilianguka majivuni. Mkono wangu wa kushoto haukuacha mwiko.

Nabor aligeuka, akaiona. Aliitazama bastola, akanitazama mimi, kisha akaidondoshea blanketi alilokuwa amelikunja magotini na kuikanyaga. Watu wa uani walikuwa wamefika mlangoni, mapanga juu. Aliwaambia, “Mama kateleza, mtoto kaungua. Leteni maji, mnashangaa nini?”

Wakaleta maji. Nikakoroga. Nikampakulia Nabor, akanywa mpaka chini. Kisha nikampelekea Leobardo kikombe mdomoni, kwa mkono wa kulia, meno yakigonga udongo, nikamwambia ameze. Alimeza. Mzee Hilarión alitangaza kwamba uji haukuachana, na mapanga yakarudi alani.

Kijiji kizima kinanihurumia kwa kuteleza. Sikuteleza. Nililenga, na ningekosa ningechota tena. Hilo nakuambia wewe peke yako, wala sikuombi unisamehe.

Ninalo jingine. Usiku wa pili homa ilimpanda mtoto, nikawa ninamkanda kwa maji baridi. Alinishika gauni kwa mkono mzima, akaniambia, “Shangazi, usimwambie baba mdogo nimeshindwa. Alisema nikishindwa nisijiite Talavera.” Nilimuuliza bastola aliipata wapi. Akasema ilishonewa ndani ya bitana ya koti.

Nililichunguza koti. Ushonaji ni wako. Mama ndiye aliyetufundisha sote wawili mshono ule. Bastola nimeitupa ziwani. Koti nimelichoma.

Hukumpenda Crispín kuliko nilivyompenda mimi. Ulikaa mbali, penye usalama, ukamtuma mtoto wake akafe kwa niaba yako. Daktari anasema vidole vitatu vimeshikana na havitafunguka; hatashika jembe wala panga. Mvua zinakaribia na shamba la kaka yako halina wa kulilima. Ulitaka mkono wa kukufanyia kazi. Huo nimeuunguza. Njoo na wako.

Utashukia kwangu, si kwa Petronila. Nitakuonyesha mkono wa mtoto kabla hujala chochote.

Wazee wote wanakusalimu, na mzee Hilarión anauliza kama huko kaskazini mnakunywa kitu cha maana. Petronila anakusalimu sana na anakushukuru kwa koti, kwa kuwa hajui.

Dada yako mkubwa,
Eduviges Talavera