Krimu Zenye Jina Langu Ziko Kabatini, na Mikono Yangu Inapasuka

Mpendwa Mama Leposava,

Nakusoma kila Alhamisi, hata mume wangu Radisav anajua siku hiyo gazeti haligusi mpaka mimi nimalize ukurasa wako, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mimi, maana wanaokuandikia huwa na shida za waume na mawifi na yangu ni ya ngozi, lakini ukinivumilia hadi mwisho utaona siyo ya ngozi peke yake, na nakuomba unijibu upesi kwa sababu sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, Mtakatifu Petka, imekaribia na binti yangu anakuja.

Kwanza nikupe habari za huyo binti, bila yeye hutanielewa. Anaitwa Dunja. Mimi niliishia darasa la nane, baba yake alikuwa dereva wa trekta la ushirika, na Dunja wetu akaenda Novi Sad kusomea famasia na hakurudia hata mtihani mmoja, hata mmoja Mama Leposava, wakati mtoto wa mwalimu mkuu alirudia mpaka akachoka akawa anauza simu. Sasa Dunja ana duka lake, nyuma ya duka ana chumba cheupe kama theluji na humo anatengeneza krimu mwenyewe, za uso, za mikono, za visigino, za wanawake wa umri wangu ambao ngozi imeanza kuwaaga, na wateja wanatoka mpaka Belgrade kumfuata. Na kwenye kila kifuniko ameandika Milunka. Siyo jina lake, ni langu. Unajua kijijini kwetu kuna wanawake wangapi ambao jina lao liko kwenye kifuniko? Nakwambia mimi, yupo mmoja.

Tangu aanze kazi hiyo ananitumia kila aina mpya anayotengeneza, na hapo ndipo ilipo shida yangu. Wewe ni mtu wa huku, sina haja ya kukueleza kabati la vioo la sebule ya wageni. Lile langu lina glasi za kristali za harusi yangu ambazo hazijaguswa na mdomo wa mtu, lina seti ya kahawa iliyotoka Trieste, na kwenye rafu ya katikati, ile inayopigwa na jua vizuri, nimezipanga krimu za Dunja na majina yameangalia mbele. Mgeni akija nampa kijiko chake cha jamu ya cheri na maji baridi, halafu namshika mkono nampeleka kwenye kabati. Hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwangu bila kuziona, hata fundi wa bomba alipitishwa.

Lakini kupaka, sijapaka. Sikuweza. Kitu kizuri namna ile, kina jina langu, kimetengenezwa na mikono ya mwanangu, nikakipake mikono inayolisha nguruwe? Nilisema nitafungua siku yenye maana, na siku yenye maana haikufika, krimu zikawa zinaongezeka na ngozi yangu inazidi kuharibika. Tangu nivuke sitini imekuwa kavu kama ganda la kitunguu. Miguu inaniwasha mpaka nikiwa mezani najikuna chini kwa chini kwa brashi ya nguo, mashavu yanakakamaa, mikono ndiyo usiseme. Mipasuko nimekuwa naifuta kwa rakija, ile pombe yetu, kama mama yangu alivyokuwa anafanya na mama yake, ya plamu, kali, ya kwetu wenyewe, inachoma lakini nilijua ikichoma inaponya. Halafu mwezi wa tisa ukaingia, tukaanza kuchoma pilipili hoho za ajvar, ile rojo ya kupaka kwenye mkate, kule bandani, na wewe unajua, zinamenywa zikiwa za moto, kwa vidole, siku nzima, na mimi glavu sitaki kwa sababu nikivaa glavu siyasikii maganda. Nilipomaliza, chupa za ajvar zilikuwa zinapendeza na vidole vyangu vilikuwa vinavuja damu.

Wakati wote huo Dunja anapiga simu. "Mama, unapaka?" Namjibu, "Napaka mwanangu, asubuhi na jioni, nang'aa kama yai la Pasaka." "Hebu nionyeshe mikono kwenye kamera." "Iko kwenye unga, mwanangu." Juzi akaniambia, "Mama, kila nikipiga simu unakanda. Kijiji kizima kinakula kwako siku hizi?" Tukacheka, na mimi nilicheka kwa shida.

Kisha akaniambia lililoniletea kalamu mkononi. "Mama, sikukuu nakuja na mpiga picha. Nataka mikono yako ikikanda mkate wa sikukuu, picha kubwa, niiweke dirishani mwa duka. Kila siku wananiuliza huyu Milunka ni nani. Nawaambia ni mama yangu, anapaka krimu hizi tangu siku ya kwanza, subirini muione mikono yake."

Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja kufungua kabati. Radisav akaruka kwenye kiti. "Nani amekufa?" Maana kabati lile kwetu hufunguliwa kwa msiba au harusi. Nikamwambia hajafa mtu, nachukua krimu yangu. "Yako?" akasema. "Mimi nilidhani ni za watu kuangalia tu." Nikachukua iliyokuwa mbele kabisa, ambayo jua limeipiga majira yote ya joto, nikafungua, mafuta yamepanda juu na chini kuna maji, inanuka kama karanga zilizochacha za mwaka juzi, lakini mimi nilishaamua, nikapaka mashavuni na mikononi. Ilichoma kuliko rakija. Kufika jioni uso ulikuwa na vipele vyekundu na Radisav akasema, "Sasa ukikaa bandani tutakuchoma kwa bahati mbaya tukidhani ni pilipili."

Akaja jirani yangu Stojanka kurudisha mashine ya kusagia, akaniona, nikamweleza yote. Unajua aliniambia nini? "Jirani, sasa unalia nini? Siku ya picha jipake unga mpaka viwikoni. Unga unaficha kila kitu. Kwani mpiga picha atakuosha?" Nikamwambia Dunja ataona. "Dunja ataona anachotaka kuona. Ni mtoto wako, anakupenda."

Nikaona nijaribu. Jumamosi nilikanda unga kidogo wa majaribio, na nilipousukuma tu ufa wa kidole gumba ukafunguka, damu ikaingia kwenye unga, nikawamwagia nguruwe. Mama Leposava, mkate ule hukandwa na mwanamke wa nyumba, padri anakuja kuubariki, na mimi nimeukanda kila mwaka tangu mama mkwe aliponikabidhi beseni. Sasa siwezi kuukanda na siwezi kumwambia mwanangu kwa nini. Nikimwambia ukweli atadhani nimeidharau kazi yake, na nikinyamaza atasimama mbele ya wateja aseme uongo bila kujua kwamba ni uongo, na uongo huo utakuwa wangu. Nifuate unga wa Stojanka au nifanye nini? Wewe niambie tu. Mimi nikishaambiwa na nikaamua, hata Radisav na trekta hawanirudishi.

Milunka, mama yake Dunja mfamasia

JIBU

Milunka mpenzi,

Hongera kwa binti. Nakupa hongera hiyo mwanzo kabisa ili utulie, kwa sababu yanayofuata hayana sukari.

Hukuidharau kazi ya Dunja. Uliipenda mpaka ukaifungia, kama tunavyofanya sote huku: tunakunywa maji kwenye kikombe kilichovunjika mkono na glasi nzuri zinasubiri mgeni ambaye haji. Mimi pia nina kabati hilo, na najua utamu wa kulifuta vumbi. Lakini glasi ikikaa haiharibiki. Krimu inaharibika, na hasa krimu ya mtu kama Dunja anayetengeneza kidogo kidogo ili itumike ikiwa mbichi. Wewe ukaiweka juani majira yote ya joto, ikachacha, halafu ukaipaka usoni juu ya ngozi uliyoichoma kwa rakija. Mama mtu mzima! Ungemkuta mtu anampa nguruwe wako chakula kilichooza namna hiyo, ungemkimbiza kwa fimbo.

Rakija basi. Kuanzia leo ni ya kumkaribishia mgeni na ya Radisav, kwa kiasi. Ngozi ya umri wetu haitoi tena mafuta yake kama zamani, na wewe hicho kidogo kilichobaki ulikuwa unakiosha kila siku kwa pombe. Kinachochoma hakiponyi. Mama yako alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na kingine nyumbani. Wewe ulikuwa na rafu nzima.

Sasa sikiliza, na usome mara mbili. Ukimaliza kusoma, mpigie Dunja. Usisubiri aje. Mpigie kwa kamera, na kabla hajauliza lolote inua mikono yako miwili mbele ya simu, mitupu, bila unga, umwambie, "Mwanangu, sikupaka hata siku moja. Niliziona nzuri mno kwa mikono yangu." Mwache aseme yeye. Usianze kumsimulia habari za fundi bomba. Pengine ataumia, na ana haki. Lakini huyo ni mfamasia, Milunka, umeniambia mwenyewe. Mfamasia akiona mkono unavuja damu haanzi kujililia yeye, anauliza unauma wapi. Mwamini mtoto uliyemsomesha.

Na umwambie jambo la pili, hili ni wazo langu lakini unaweza kulifanya lako. Mpiga picha aje. Akupige mikono hiyo hiyo ilivyo, kando ya beseni, na nyufa zake. Kisha uanze kupaka kweli, na akirudi wakati wa Pasaka akupige tena. Hizo picha mbili ndizo Dunja aziweke dirishani akitaka. Mwanamke anayepita pale na mikono kama yako ataziamini kuliko picha yoyote ya mikono laini, kwa sababu mikono laini hata Stojanka anajua kuitengeneza.

Mkate wa mwaka huu aukande Dunja. Najua umeruka kwenye kiti kama Radisav. Kaa. Mwenye nyumba anabaki wewe; simama karibu naye umwambie maji kiasi gani na mara ngapi ageuze, kama mama mkwe wako alivyosimama karibu nawe. Unga wenye damu hauwezi kuwekwa mbele ya padri, na nyufa hazifungi huku unazifungua kila siku. Siku yake ya kushika beseni ingefika tu. Bora ifike ukiwepo wa kumgombeza.

Krimu zote za zamani tupa. Vifuniko baki navyo, jina ni lako. Mwombe Dunja kopo moja jipya la uso, moja la mikono, na kwa kuwa uso wako bado una vipele, usipake chochote huko mpaka yeye auone. Kopo la mikono lisiingie sebuleni kabisa. Liweke jikoni, karibu na bomba, mahali ambapo mkono wenye maji utalikuta. Osha kwa maji ya uvuguvugu, siyo yale ya moto unayoyapenda, na sabuni isiyokwangua. Kausha kwa kugusagusa tu, na upake ngozi ikiwa bado na unyevu, usingoje ikauke. Ndani ya unyevu huo ndimo krimu inamofanya kazi. Miguu vilevile ukitoka kuoga, mapaja mpaka visigino, ili ile brashi ya nguo irudi kwenye makoti. Ukienda kulala paka mikono mafuta mazito, uvae glavu za pamba, na Radisav akicheka mpake na yeye visigino, nina uhakika vinachana shuka. Mwakani kwenye ajvar utavaa glavu za pamba ndani na za mpira nje, na maganda utayasikia ukizoea. Ukiona ufa unatoa usaha, au kidole kimevimba na kupata joto, hapo siyo kazi yangu wala ya krimu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Stojanka mwambie asante kwa ushauri, na unga abaki nao.

Kabati usilifunge tena kwa ufunguo. Rafu ya katikati itakuwa tupu, na najua itakuuma kuipita. Mgeni akija, mpe jamu yake ya cheri na maji kama kawaida. Akiuliza zile krimu za Dunja zimekwenda wapi, usimpeleke kwenye kabati. Nyoosha mikono yako juu ya meza.

Leposava