Sufu, si Sufi

Jumatatu, 4 Machi

Mteja kaleta gauni leo kwenye duka letu la udobi, anaapa ni hariri halisi. Nikachomoa uzi mmoja pindoni, nikautia kiberiti mbele yake. Ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi kigumu. Plastiki tupu! Hariri ya kweli ingenuka nywele zilizoungua, ikaacha jivu la kusagika vidoleni. Fundi wa pasi akamwambia, "Basi shangazi, mdudu aliyeitema hii alikuwa amekula ndoo." Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mteja hakucheka. Tajiri wetu naye hakucheka, maana mteja aliondoka na gauni lake.

Kipimo hicho alinifundisha Mama. Alishona mifarishi maisha yake yote, yale mashuka mazito ya matabaka mawili yanayojazwa katikati. Alikuwa akisema uzi uliotoka kwa kiumbe ukiungua unanuka kiumbe, huwezi kuusingizia. Wiki saba tangu tumzike. Bado nikiwasha kiberiti nageuka nyuma kumwonyesha.

Adhuhuri wifi, anayeishi na kaka kwa Baba, kapiga simu, sikupokea, nilikuwa nimezama kwenye mapazia ya hoteli. Akaandika: Baba kamwaga chai ya maziwa juu ya mfarishi wa Mama, ndani kumejazwa nini, aufueje? Nikamjibu mbio mbio na povu mikononi. Neno moja tu, sufu. Linatosha. Nilimfundisha mwenyewe tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu. Sufu ni nywele za kondoo: maji baridi, shampuu kidogo, usisugue, usikamue, ilaze kivulini. Sufi ni ya mti, hiyo haina makuu: ifue upendavyo, ianike jua kali, ipige fimbo ichanuke. Aliandika yote kwenye karatasi, akaibandika ukutani jikoni. Kama mwanafunzi! Nilimcheka kidogo, kwa mapenzi.

Mfarishi ule Baba halali bila huo. Akili zake zilianza kumtoka kabla Mama hajafa. Anaushika, anapapasa mishono kwa kidole gumba, anatulia. Anaamini Mama katoka tu sasa hivi, yuko uani. Hatujamsahihisha. Mungu atusamehe, ila ndivyo nyumba ile inavyopata usingizi.

Jumatano, 6 Machi

Kazi. Sweta nne za sufu za mzee mmoja, zimeliwa na nondo. Matundu kama ya risasi. Nilimweleza kwamba nondo hafuati nguo safi, anafuata jasho na chakula kilichokaukia mle. Fua kwanza, ndipo uhifadhi. Akasema marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akijua mambo hayo. Nikazipokea.

Jumamosi, 9 Machi

Hasira haijaisha. Niandike hivyo hivyo.

Nimefika nyumbani kwa Baba saa nne asubuhi. Wifi yuko uani, mfarishi uko kambani, juani, naye ana fimbo anaupiga. Anaupiga! Niliuvuta kambani hata salamu sijatoa. Mgumu. Umesinyaa hadi nusu. Ndani mabonge mabonge, ukiuminya unadhani umeshika mkate uliochacha. Mishono ya Mama, ile ya mawimbi aliyoishona kwa mkono miezi minane, imevutana yote kama uso wa mtu anayelia.

Wifi akasema ameufua Jumatatu kama nilivyomwambia, umekuwa hivyo, siku zote hizi anauanika na kuupiga labda utalegea. Sikumwacha amalize. Nilimuuliza maji ya moto nilimwambia mimi? Jua nilimwambia mimi? Akashika mfuko wa gauni lake, akauachia. Nikamwambia hana mikono, ana kwato. Kisha nikasema lile neno. Nalisikia hadi sasa.

"Umemuua Mama mara ya pili."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, mlangoni. Akauliza, "Mama nani kafa?"

Wifi akaitupa fimbo, akapiga magoti mbele yake, akamwambia hapana Baba, tunazungumza tu. Lakini Baba alikuwa ananitazama mimi, na uso wangu sikuwahi kuuficha. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa akiuliza kama wageni wote hawa wamepata chai. Leo kalia. Kalia kwa sauti, mzee wa watu, mpaka jirani akachungulia ukutani.

Jumapili, 10 Machi

Wifi kaondoka. Kakunja nguo zake kwenye begi moja, kaenda kwa dada yake. Kaka kamsindikiza hadi barabarani, karudi, kanipita mlangoni kama mgeni. Heri angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Tajiri kauliza ni msiba mpya? Nikasema ni ule ule.

Baba kaamka, kapapasa kitandani, kauliza, "Mama watoto yuko wapi?" Nilimpa mfarishi. Kaushika kidogo, kausukuma pembeni. "Hiki si chake." Basi kauliza tena. Nikashindwa kusema uongo, nikamwambia ametangulia, Baba. Akalia. Alasiri kasahau, kauliza. Nikamwambia. Akalia upya, kama hajawahi kusikia. Mara nne leo. Namzika Mama mara nne kwa siku na kila mara mfiwa ni mpya.

Kula hali. Nikimpelekea kijiko anafumba mdomo. Kaka naye hajui, aliyekuwa akimlisha ni wifi.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimefumua mshono wa upande mmoja, nikatoa sufu yote nikaitandaza mezani.

Mama alikuwa na maelezo yake. Alisema kila unywele wa kondoo una vidole vidogo visivyoonekana. Ndiyo maana sufu inabeba joto, hewa inakaa katikati ya vidole. Ndiyo maana inakunywa unyevu na wewe umelala usiuhisi. Ila ukiitia maji ya moto, ukaisugua, vidole vinashikana. Na vikishashikana haviachani. Kofia na mazulia ndivyo yanavyotengenezwa, kwa kukusudia. Hapa hakuna aliyekusudia.

Nimechambua kwa vidole tangu asubuhi. Nimejaribu siki kwenye maji baridi, nimejaribu kondishena ya nywele, ule ujuzi wote ninaojisifia dukani. Bonge moja la ukubwa wa ngumi limenichukua saa mbili. Limetoa kiganja kimoja cha sufu laini, lililobaki ni nyuzi zilizokatika. Mabonge yako zaidi ya sitini. Nimeacha kuhesabu.

Nimenusa kile kiganja. Sabuni ya unga tu. Mama hayumo. Nimelia mezani pale, na sikujali kaka kaniona.

Baba kanywa maziwa vijiko vitatu. Vitatu tu kutwa nzima. Mikono yake imekuwa miepesi, nikiinyanyua kumvisha shati naogopa.

Alhamisi, 14 Machi

Sitaki kuiandika. Naiandika.

Baba hajala tangu jana. Nikakumbuka wifi aliwahi kuniandikia jinsi anavyomlisha, ile siku nilipomuuliza kwa kupitisha muda tu. Nikaenda kuutafuta ujumbe kwenye simu. Nikapandisha, nikapandisha. Nikafika tarehe nne.

Yeye: Wifi samahani kukusumbua kazini. Baba kamwaga chai ya maziwa juu ya mfarishi wa Mama, ndani ni sufu au sufi? Nimesahau, naogopa kukosea.

Mimi: Sufi

Yeye: Kwa hiyo ni ile ya jua na fimbo, maji ya moto sawa?

Mimi: Eeh

Nimesoma mara nyingi sana. Kwenye vitufe vya simu herufi U na I ni majirani, moja ubavuni mwa nyingine. Kidole chenye povu. Na hiyo Eeh je? Hiyo si kidole. Hiyo ni mimi, sikusoma, nilikuwa nakimbizana na mapazia. Akaniuliza mara mbili! Mtu anayeogopa kukosea akaniuliza mara mbili, nami nikamwitikia eeh kama ninayefukuza nzi.

Nikaenda jikoni. Karatasi yake bado iko ukutani. SUFI: maji yoyote, jua, fimbo. Kafuata kila nilichosema, neno kwa neno. Na nilipokuwa nampigia kelele uani simu yake ilikuwa mfukoni mwa gauni, nililiona umbo lake pale. Angeitoa tu. Hakuitoa.

Niseme yote. Nilibonyeza ule ujumbe mpaka ikaja ile orodha, na kidole changu kikakaa juu ya "futa". Kikakaa muda mrefu. Sikufuta, lakini si kwa wema. Niliwaza kwamba kwake utabaki.

Ijumaa, 15 Machi

Sijamwambia mtu. Nimemwogesha Baba. Kauliza mara mbili tu leo, hana nguvu za kuuliza.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemwambia kaka. Alikuwa anapiga viatu rangi kizingitini. Nikamsomea ujumbe mwanzo hadi mwisho, sauti yangu kama ya mtu anayesoma barua ya serikali. Hakuinua kichwa. Akasema anajua, mkewe alimwonyesha siku ile ile.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, wiki nzima ananiangalia nikitembea na uso wangu wa kudhulumiwa. Akasema wifi alimkataza. Alimwambia mwache, bado ana msiba, akijua sasa hivi atajiumiza.

Naona aibu hadi kwenye nyayo. Mimi ninayewaambia wateja wasisugue sufu.

Jumapili, 17 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa dada yake wifi. Nilikuta wifi anamenya viazi kwenye beseni. Alinisalimia vizuri, akanivutia kigoda, ndiyo ikawa ngumu zaidi. Nikatoa simu. Akasema, "Irudishe, wifi. Nimeshaisoma."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi na ya maana. Yalitoka matatu. Kosa ni langu. Baada ya hapo nililia, na yeye akaendelea kumenya, si kwa ukali, mikono yake tu ilihitaji kazi.

Kisha akaniambia, taratibu, macho kwenye beseni. Lile neno la kwato amelisamehe siku ile ile. Hata la kuua amelisamehe. Kinachomchoma ni kwamba nililisema mbele ya Baba. Nikamwambia Baba hakuwa akiuliza, mfarishi ulikuwa ukimtuliza, sikujua. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Baba hakuwa akiuliza? Alikuwa akiuliza kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni! Yeye ndiye aliyekuwa akimwekea mfarishi mikononi na kumwambia, "Shika hapa kwanza Baba, anafua, akimaliza anakuja." Halafu anamlisha huku anamsimulia Mama anafua nini. Mara mashuka, mara sweta. Wiki saba.

Mimi nilikuwa nakuja Jumamosi na kukuta mzee katulia. Nikadhani ni sufu.

Nikamwambia arudi, si kwa ajili yangu: kila Baba akiuliza namwambia ukweli, analia, hali, anakwisha. Akanawa mikono, akafuta, akachukua lile begi lake. Njiani hatukuzungumza ila aliniuliza mara ya mwisho Baba kupata choo. Nilimjibu. Basi.

Baba kamtambua! Sijui kama nani, lakini kamtambua, kanyoosha mkono. Wifi kakaa kitandani, kamwegemeza begani, kampa maziwa kidogo kidogo. Kikombe kizima. Kaka katoka nje, nadhani kwenda kulia. Mimi nimesimama pale na kitambaa mkononi, sina kazi.

Kikombe kilipoisha Baba kauliza, kwa sauti safi kabisa, "Mama watoto yuko wapi?"

Nilimtazama wifi. Wifi kamfuta Baba mdomo, kisha kanitazama mimi.

"Mjibu wewe, wifi," kasema. "Jibu langu analikumbuka kidogo, na lako analikumbuka kidogo. Yanampasua. Chagua moja, ukishalisema ndilo tutakalosema sote hadi mwisho wake. Mimi nitakufuata."

Nikasema ngoja nimletee maji.

Niko jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya mfuniko wa sufuria. Glasi imeshajaa. Nikimwambia ukweli namzika Mama kila siku hadi Baba naye afe, na yeye atakufa mapema. Nikimwambia anafua, basi kila uongo kuanzia leo ni wa kwangu, na nimekuwa mtu wa kuapa kwamba mimi sidanganyi, mimi natia kiberiti.

Baba kasikia glasi ikigonga bomba. Anaita kutoka chumbani.

"Mama watoto, ni wewe huko jikoni?"

Wifi kaniachia mimi, kama alivyosema. Anaita tena, na sauti ina furaha —