Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini

Akeri, Meru
Juni, siku isiyo na jua

Mdogo wangu mpendwa Tabea,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniwahi kwa shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta mzima huko Tabora, pamoja na binti yako Lilian na wanawe, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tuko salama. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mlima hatujauona tangu wiki iliyopita, na mimi nakuandikia nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama hajambo. Anakula vizuri, anagombana na mke wa Ephraimu kuhusu chumvi, na kila Jumapili anataka kujua ni nani hakuonekana kanisani.

Unajua nilivyorudi. Niliondoka Meru sijaota ndevu, nikafundisha historia Songea mpaka nywele zikawa nyeupe, nikarejea na masanduku ya vitabu, picha ya marehemu mke wangu, na nia moja tu: Mama aishi kwangu. Maisha yote nimekuwa kwake mtoto wa barua na likizo. Nilitaka angalau uzee wake niwe nao karibu. Ndiyo maana nikajenga pale juu katika shamba la Baba, kwa matofali ya saruji, madirisha ya aluminiamu yaliyotengenezwa Sakina, vigae sakafuni, na uwanja wote nikautandika matofali ya pevingi. Mkandarasi aliyetoka Kijenge alizungushia mabati ili Mama asione chochote mpaka siku ya kumkabidhi funguo. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Wakati huohuo mdogo wetu Ephraimu alikuwa akijenga pale chini. Picha amekutumia kwa simu, lakini picha hazisemi yote, nami ambaye ningependa kumponda nalazimika kukueleza kwa haki. Matofali yake ni udongo wa shamba hilihili, umetiwa saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Hayakuchomwa, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kulisha tanuri. Shimo walilochimba udongo wakalijengea kuta, likawa kisima cha maji ya mvua. Dari ni ya mianzi, na juu yake wamepanga magunia ya pumba za mpunga. Samadi ya ng'ombe wake inaingia kwenye mtambo na kutoka ikiwa gesi ya kupikia, hivyo mke wake, Nice, ameacha kupanda msituni kutafuta kuni. Nilimwambia mbele za watu kwamba amesomea mifugo miaka yote ile ili aje kulala kwenye kichuguu. Akacheka, akasema kaka, sijasikia mchwa akilalamika.

Mchungaji alipanga kubariki nyumba zote mbili siku moja, akaanza na yangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Alipofungua tu Biblia, mvua ikaanguka. Tabea, mabati ya paa langu yalipiga kelele hata dari ya jipsamu haikufaa kitu. Tulimwona mchungaji akifumbua na kufumba mdomo, na mzee mmoja wa kanisa akaitikia amina mahali pasipo pake. Mwishowe Mama akainuka, akasema twendeni kwa Ephraimu tukamsikie Mungu. Wakaenda wote, na pilau yangu wakaibeba. Nyumba yangu ilibarikiwa ikiwa haina mtu, kutoka sebuleni kwa mdogo wangu.

Hata hivyo Mama alikaa kwangu majuma machache. Asubuhi nilimkuta amejifunika mablanketi, miguu ameipandisha kwenye kiti kwa kuogopa vigae. Jua lilipochomoza vizuri, mabati yakawa kikaango, akatoka na kiti chake nje kutafuta kivuli, na kivuli chenyewe nilikuwa nimekikata ili niweke pevingi. Kisha akahamia chini. Kwetu mama huishi na kitinda mimba, nami nikaishikilia mila hiyo kama mlevi anavyoshikilia ukuta. Watu wakiniuliza sokoni Tengeru niliwajibu kwamba mila ni mila. Mama aliposikia alinikatalia palepale, Nice akiwapo. Akasema mila haipashi magoti joto, na kwamba kama ni mila, mwanamume wa umri wangu asingekuwa anajipikia chai.

Nimekuwa na wivu, sifichi. Nauonea wivu moshi usiotoka jikoni kwao. Nayaonea wivu macho ya Mama, ambayo hayatoi machozi tena. Kuna Princess, mjukuu wa Ephraimu, ambaye meno ya utoto yanamng'oka sasa. Wewe na mimi tuna meno ya rangi ya chai kwa sababu ya maji ya mlima huu tuliyokunywa tukiwa wadogo. Mtoto huyo amenieleza kwamba wajukuu watakaozaliwa mle watapata meno meupe kwa kuwa watakunywa mvua, kisha akanitazama mdomoni kwa huruma. Nimewaonea wivu hata watoto ambao hawajazaliwa.

Siku moja nikamuuliza Mama hasa ni nini kinachomfurahisha pale, maana blanketi na hita ningeweza kununua. Aliushika mkono wangu akaubandika kwenye ukuta wa chumba chake. Lipu yake ni ya udongo, na ndani ya lipu kulikuwa na alama za vidole. Akasema, huyo ni mimi. Kumbe ndiye aliyewaonyesha udongo wa kufaa uko wapi, akawaambia upepo wa Julai hutokea upande gani, akavua viatu akaukanyaga udongo pamoja na majirani, akapaka ukuta kwa mikono yake akiwa ameketi. Mimi nilimpa funguo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa Aprili, alasiri, ilinyesha mvua kubwa. Maji ya uwanja wangu hayakuwa na ardhi ya kuyanywa, yakateremka yote kuelekea nyumba ya chini. Nilisimama dirishani nikitazama. Sikuchukua jembe. Tabea, nilitamani ukuta ule uanguke. Nilijua Mama yumo ndani, na bado nilitamani, ili watu waseme mwalimu alionya. Maji yakaingia kwenye mitaro ya migomba yao, yakatulia. Baadaye Ephraimu alipanda amelowa chapachapa kuniuliza kama madirisha yangu yanavuja. Yalikuwa yanavuja. Akanisaidia kukausha vitabu, nami sikuweza kumtazama usoni.

Na hili ndilo nililotumwa kukuandikia. Mama haiamini simu kwa mambo ya nyumba, akataka nikuandikie kwa mkono tangu mwezi uliopita. Wanaongeza chumba. Nilipoona mawe ya msingi yakishushwa, nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikateremka. Nikamwambia Mama kwamba sihitaji makubwa, nafasi ya kitanda na rafu ya vitabu vyatosha. Akasema chumba ni cha Tabea, kwa siku atakayostaafu uuguzi. Wewe, akaongeza akinitazama, una nyumba.

Anauliza dirisha lako litazame mlima au litazame migomba. Swali hilo nimelikalia mwezi mzima, na sababu umeshaielewa. Jibu upesi, kwa sababu kuta zimefika kiunoni na Ephraimu hawezi kungoja zaidi. Jumamosi tunakanyaga udongo wa lipu, ambao utakaa ukiiva huku kuta zikipanda, na Mama ameagiza nije peku kama wengine. Nitakwenda. Nitaukanyaga udongo wa chumba chako mpaka ulainike, nitaupaka ukutani kwa mikono yangu, na pembeni, mahali kitanda kitakapopaficha, nitaacha alama ya kiganja. Lakini usiniombe nifurahi.

Ephraimu na Nice wanakusalimu sana. Mama anasema ukija usisahau asali ya huko, na uje na nguo nzito ingawa hutazihitaji. Wabusu Lilian na wanawe kwa niaba yangu. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako,
Elirehema