Vigae Arobaini na Vinane

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na miguu imepungua kuvimba. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi ndio umenihama. Dada anakusalimu sana. Jana nilimpelekea uji wodini. Daktari bado hamruhusu kushuka kitandani. Anasema mimba ikisogea hata wiki tatu tu mbele, tutashukuru.

Simu yako uliyompa naiona pale kando ya mto wake. Kwa hiyo sina njia ya kukupata ila kalamu, na hata ulipokuwa nayo hukuwa unapokea. Nikataka kukununulia nyingine ukanijia juu. Haya, mshindi ni wewe.

Shangazi, nimekwama. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujaguna.

Uliwahi kuniuliza mashine yetu inaunguza nini, nikakuambia haiunguzi, ukanicheka. Ni hivi. Tunakoroga unga wa kauri mpaka uwe kama uji mzito, tunautandaza mwembamba, ukikauka tunakata vipande vya ukubwa wa kiganja. Tunavipaka tabaka juu ya tabaka, halafu tanurini. Vinatoka vigae vyembamba kama ukucha, upande mmoja kijani, upande mwingine mweupe. Tunavipanga arobaini na vinane, kimoja juu ya kingine. Gesi inapita upande huu, hewa upande ule, na vikishapata joto la nyuzi mia nane vinatoa umeme kimya kimya, mchana kutwa na usiku kucha. Wenyewe tunaziita seli za mafuta. Kijani kikishaanza kazi hugeuka kijivu.

Ubaya wake ni ufa. Kigae kimoja kikiwa na ufa, hata usioonekana kwa macho, hewa inapenya kwenye gesi na moto unawaka mahali usipotakiwa. Na kifaa chetu cha kupimia nyufa kimekufa. Mkuu wa karakana anasema kipuri kinakuja, na mimi nimechoka na hilo neno.

Mashine lazima iwashwe tarehe 25. Inaenda wodi ya watoto njiti, hospitali hiyo hiyo alikolazwa Dada. Jenereta yao ilishakufa na umeme unakatika karibu kila siku. Unaelewa sasa kwa nini silali. Mtoto wa Dada akija mapema, atalazwa humo.

Nimetuma kwa basi sanduku la vigae sitini. Miaka ishirini na sita ulikuwa unagonga sahani kiwandani, unasikiliza, nzima unaweka huku, zenye ufa unaweka kule. Nigongee hivi. Mkuu hajui. Kwenye fomu nitaandika vimepimwa kwa kifaa. Usinigombeze, nimeshajigombeza mwenyewe.

Wako,
Kiherehere


Tarehe 12 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba mwanangu. Miguu inavimba na kunywea ipendavyo, siku hizi hainiulizi. Bati la jikoni linavuja, na yule paka wako mvivu amezaa wanne kwenye kapu la nguo safi. Zaidi ya hayo hatujambo.

Simu niache nayo. Barua inanitosha, barua hainipigii kelele.

Sanduku lako nimelipata. Ulivyovifunga vile ungedhani ni mayai ya dhahabu! Nimegonga vyote sitini kwa mpini wa mwiko, siku mbili. Vizima ni arobaini na vinane, sawasawa na idadi unayotaka, usidhani nimekupimia kwa kukuhurumia. Vibovu ni kumi na viwili, nimevitia msalaba wa mkaa. Vyote narudisha.

Kuhusu hiyo fomu, ningekuwa karibu ningekufinya sikio. Lakini mtoto wa dada yako ni mjukuu wangu wa kwanza, kwa hiyo nimejifanya sijasoma.

Na usiwe na haraka na moto. Tangu utoto wako unafunua sufuria kabla wali haujaiva. Kiwandani waliokuwa wakifungua tanuri kabla halijapoa tulikuwa tunawaona baadaye wakifagia vipande vya sahani.

Shangazi yako


Tarehe 3 Machi

Shangazi wangu wa pekee,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti. Hujambo? Sisi hatujambo, na si mimi na Dada tu, tuko watatu!

Amezaliwa tarehe 27, msichana, kilo moja na robo. Tunamwita Punje. Kichwa chake kinaenea ndani ya kiganja changu na bado nafasi inabaki. Hajui kuvuta pumzi vizuri mwenyewe, kuna mashine inamsukumia hewa puani, na muuguzi mkuu anasema ataihitaji kama mwezi hivi. Ana hasira huyo! Akibadilishwa nepi anakunja uso kama wewe ukiambiwa sukari imekwisha.

Na mashine yetu inafanya kazi, Shangazi. Iko chumba kidogo nyuma ya wodi, mlango wa bluu. Tuliiwasha tarehe 25, ikachukua siku nzima kupata joto. Tangu hapo umeme wa mjini umekatika mara nne na taa za wodi hazikupepesa hata mara moja. Mara ya kwanza mama mmoja aliona mtaa mzima giza dirishani, humu ndani kweupe, akaanza kulia. Na mimi nikalia. Mkuu wa karakana alinikuta akasema nimepatwa na mafua.

Sikio lako ni la kutiwa kwenye kabati la vioo. Nimemwambia Dada kwamba Punje anapumua kwa sikio la bibi yake.

Njoo umwone, miguu ikikuruhusu.

Kiherehere wako mwenye furaha


Tarehe 7 Machi

Mwanangu,

Salamu nitaziweka mwisho leo, nisamehe.

Masikio yangu yamekufa. La kulia liliondoka miaka yangu ya mwisho kiwandani, kwa yale mapipa ya kusagia udongo yaliyokuwa yakinguruma mgongoni kwangu kutwa nzima. La kushoto lilifuata mwaka juzi. Sijamwambia mtu. Mtaani wananiona ninaringa, sijibu salamu. Simu nilimpa dada yako kwa sababu kwangu ilikuwa taa inayowaka tu.

Vigae vyako nilivigonga, na sikusikia kitu. Ningekuambia siku ile ile, lakini nilisoma "nigongee" nikajiona bado mtu wa kazi. Nikafumba macho, nikakishika kila kimoja kwa ncha za vidole vitatu, nikagonga tena, nikahisi kinavyotetemeka. Vingine vilitetemeka mpaka kwenye kiwiko changu, vingine mtetemo ulikatikia njiani. Ndivyo nilivyovigawa. Sikufundishwa kupima hivyo, na sijui kama ni upimaji au ni ukaidi wa mwanamke mzee.

Tangu barua yako ya Punje chakula hakipiti. Umeandika anapumua kwa sikio langu. Sina sikio, mwanangu! Nimemlaza mjukuu wangu kando ya kitu ambacho sikukipima.

Nilifikiria kumwomba jirani akupigie simu, nikaona haya, mtaa mzima ungejua kabla yako. Hata sasa naona haya. Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi la asubuhi kwa mkono wangu.

Zima mashine. Leo leo, ukimaliza kusoma.

Hamjambo wote? Nijibu upesi.

Shangazi yako


Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Punje hajambo? Basi limekuja mara tatu, kila mara nasimama pale kituoni, kondakta ananitikisia kichwa.

Kama umekasirika, kasirika, ni haki yako. Lakini andika neno moja. Umezima au hujazima?

Shangazi yako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Dada yako amerudi juzi. Nilikuwa uani naanika, nikageuka nikamkuta amesimama, mkoba begani, mikono mitupu. Sijui alikuwa ameniita mara ngapi.

Nimemwambia kuhusu masikio. Akachukua karatasi akaniandikia yaliyompata. Kwamba umeme ulikatika tarehe 11. Kwamba mashine yako ilikuwa imeshakufa siku tatu kabla. Kwamba mlimzika Punje tarehe 12.

Basi imekufa kwa vigae vyangu. Nilivyopitisha vibovu vikafanya yale uliyoniambia. Najua, lakini nataka nisikie kwako. Niambie ilikuwa vingapi. Nimekaa na mikono hii mapajani naitazama. Imekulea wewe, imemlea dada yako, na sasa nimeua kwayo mjukuu wangu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nijibu hata kwa matusi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niulize hali gani. Natumaini unakula. Mimi nipo.

Barua zako zote nilizipata. Ile ya tarehe 20 nimekaa nayo siku kumi kwa sababu ilinipa mlango wa kutokea. Ningenyamaza, ungeendelea kuamini ni wewe, na hakuna ambaye angejua. Nimejaribu kunyamaza. Nimeshindwa.

Si wewe, Shangazi.

Barua yako ya masikio ilifika tarehe 8, saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikakimbia. Kuizima mashine ile kunataka siku nzima na usiku wake, unapunguza joto kidogo kidogo. Nilijua. Mimi ndiye niliyeyaandika maelekezo na kuyabandika ukutani pale ndani ya mlango wa bluu. Lakini kupoza taratibu kulihitaji ruhusa ya Mkuu, na Mkuu angeuliza kwa nini, na nilikuwa nimeandika uongo kwenye fomu. Na niliona moto, Shangazi, kila nikifumba macho niliona moto na Punje upande wa pili wa ukuta. Nikafunga gesi yote kwa mpigo. Nikafungua ubavu wa sanduku ili hewa baridi iingie.

Nikavisikia vikipasuka, kimoja kimoja, kisha vingi pamoja. Nilisimama tu.

Nilimwambia Mkuu kwamba imejizima. Tukaanza kutengeneza vigae vipya, siku tatu mchana na usiku, lakini udongo una muda wake. Tarehe 11 umeme ulikatika saa tano asubuhi. Watoto watatu walikuwa kwenye mashine za pumzi. Kuna mfuko wa kubonyeza kwa mkono, unambonyezea mtoto hewa, bonyeza, achia. Wauguzi walikuwa wawili, na wodi nzima ya kuangalia. Mimi nilipewa mtoto wa mama mmoja nisiyemjua. Dada alimbonyezea Punje mwenyewe. Alikataa kupokewa. Nilimwona kutoka kule nilikokaa na sikuweza kuacha mfuko wangu kwenda kwake. Saa nane na robo muuguzi mkuu alimshika mkono akamwambia basi. Umeme ulirudi saa kumi.

Yule mtoto wangu wa kupewa alipona. Mama yake alinibusu mikono, nikatamani niikate.

Baada ya mazishi niliifungua mashine, kigae kwa kigae. Vilivyopasuka ni thelathini na kimoja, na kila ufa kingo zake ni kijivu kitupu. Kigae chenye ufa wa zamani, mahali hewa ilipopenya siku nyingi wakati kinafanya kazi, hurudi kijani; ufa wa ubaridi wa ghafla hubaki kijivu. Nilitafuta kijani kwa kioo cha kukuzia, nikitamani nikipate hata kwenye kimoja, nipate wa kushirikiana naye lawama. Hakuna.

Halafu nikavikumbuka vile kumi na viwili vya msalaba wa mkaa. Vilikuwa kwenye rafu juu ya meza yangu tangu Februari. Nilidondoshea kila kimoja tone la wino, ambalo huwezi kulitia kwenye kigae cha kazi kwa sababu hukiharibu, nikapangusa. Wino ukabaki kwenye ufa, vyote kumi na viwili. Vidole vyako havikukosea hata kimoja, Shangazi. Ningelianza na hilo tone la wino asubuhi ile, ningelijua kwa dakika kumi, na mashine ingeendelea kuwaka, na Punje angekuwa analia njaa sasa hivi.

Mkuu nimemwambia yote, fomu na kila kitu. Amenifukuza, na alikuwa na haki. Vigae vipya vimeingia tanurini wiki hii kwa mikono ya wengine.

Dada sijamwambia. Alipoondoka alinishukuru kwa kuwa naye. Mwonyeshe barua hii au uichome, nakuachia. Mkiona nisikanyage tena hapo kwenu, sitauliza kwa nini.

Kiherehere


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nakula kidogo. Paka amehamisha watoto wake, sasa wako chini ya kitanda changu.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, siwezi tena. Sikuichoma. Niliiweka mezani mbele ya dada yako nikatoka nje, kwa sababu sikutaka kumtazama akisoma. Nilirudi nikamkuta ameikunja vizuri na kuirudisha kwenye bahasha. Hakuniandikia chochote siku ile, wala kesho yake.

Mimi nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, ujue hivyo, na nimelia mpaka kifua kinauma. Ningekuwa na wewe hapa ningekupiga, kisha sijui. Na mimi niliona haya ya masikio yangu, na wewe uliona haya ya fomu yako, na yule mtoto hakuwa na la kuonea haya. Hayo tutakuwa nayo wote wawili mpaka mwisho, sitakudanganya kwamba yataisha.

Lakini ungeweza kuniacha nife nikiamini ni mikono yangu, na hukuniacha. Hilo nimeliona.

Jana jioni dada yako alitandika vitanda. Cha kwangu, cha kwake, na kile cha dirishani ulichokuwa ukilalia. Nilimwuliza kwa nini vitatu. Alishusha neti ya kile cha dirishani, akaikung'uta vumbi, akaichomekea.

Panda basi la Alhamisi. Ukifika usipige hodi, sitakusikia. Sukuma mlango uingie.

Shangazi yako